Sensa ya presha inacheza kila inveta ya pampu inapoanza kazi: tatizo ni ethi au ni kebo?

Swali kutoka kwa Fundi_Kisima

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninahudumia mradi wa maji wa kijiji wenye pampu ya kuzamishwa kisimani ya kilowati 7.5, inayoendeshwa na inveta (kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota) ya fezi tatu iliyounganishwa na umeme wa gridi. Kebo ya mota hutoka kwenye paneli na kupita ardhini ndani ya bomba la plastiki kwa mita 25 hadi mdomo wa kisima, na kuanzia hapo kebo ya kawaida ya majini ndiyo inayoshuka hadi kwenye pampu. Ndani ya bomba hilohilo imepitishwa kebo ya sensa ya presha, ya mfumo wa miliampea 4 hadi 20 (mkondo hupanda na kushuka kufuata presha), inayopeleka taarifa kwa kidhibiti kilichomo ndani ya paneli.

Pampu ikiwa imesimama, presha husomeka vizuri. Mara inveta inapoanza kuzungusha mota, namba huanza kucheza kati ya baa 3 na baa 5, ilhali geji ya mshale iliyofungwa kwenye bomba la maji haitikisiki, na kidhibiti, kwa kudhani kwamba presha imepanda kweli, hupunguza mwendo wa pampu hadi maji hayafiki tangini. Aidha, redio ya mlinzi hukoroma kwenye masafa ya kati muda wote pampu inapofanya kazi. Tumeshauriwa tuichimbie sensa fimbo yake ya ethi, mbali na ile ya paneli, ili ipate ethi safi. Naomba maoni yenu kabla hatujaingia gharama hiyo.

Jibu la Mzee_wa_Paneli

Ndugu, fimbo hiyo usiichimbe. Ushauri huo umezoeleka sana, nao unatokana na dhana kwamba kelele za umeme ni uchafu unaomwagwa ardhini ukapotea. Inveta hutengeneza umeme wa mota kwa kuukata umeme wa DC maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato huipandisha volti kwa mamia ndani ya sehemu ndogo ya maikrosekunde. Kebo mbili zilizolala sambamba mita 25 ni kapasita ndefu, yaani mabadiliko ya volti ya moja husukuma mkondo kwenye nyingine bila kugusana, kwa hiyo kila mkato husukuma mkondo kidogo kutoka kebo ya mota kuingia kebo ya sensa, na mwingine kuingia kwenye ethi. Mkondo huo hautafuti udongo. Unatafuta kurudi ndani ya inveta ulikotoka. Usipoupa njia fupi, utarudi kwa kupitia sensa na kidhibiti chako.

Sasa tazama hesabu ya waya wa kwenda kwenye fimbo hiyo. Waya ulionyooka una induktansi (tabia ya kuzuia mkondo unaobadilika haraka) ya takriban maikrohenri 1 kwa kila mita. Kwenye masafa ya megahezi 10, sentimita 10 tu za waya huo huleta kizuizi cha omu 6 hivi, na mita 10 huleta mamia ya omu, hata kama fimbo yenyewe imepimwa ikaonekana nzuri kwa mita ya ethi. Kwa kelele hizi, waya huo ni kama haupo.

Lipo pia jambo la radi, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Radi ikipiga karibu, fimbo mbili zisizounganishwa hutofautiana kwa maelfu ya volti, na kitu pekee kinachoziunganisha kitakuwa sensa na kidhibiti. Fimbo zote za eneo moja ziunganishwe pamoja, ziwe mbili au kumi.

Jibu la Mhandisi_Umwagiliaji

Naunga mkono hoja ya hapo juu, ila ningependa tujue kwanza kelele zinaingilia wapi kabla ya kununua chochote. Washa inveta lakini usiizungushe mota. Katika hali hiyo swichi za ndani za upande wa mota hazikati, kwa hiyo namba zikitulia na zikaanza kucheza pale tu mota inapozunguka, mshukiwa wa kwanza ni kebo ya mota. Baada ya hapo ondoa kebo ya sensa kwenye kidhibiti, na mahali pake uweke kifaa cha kutoa miliampea 12 kwa waya mfupi. Pampu ikizunguka na namba zikatulia, kelele zinaingia kwa njia ya kebo ya sensa. Zikiendelea kucheza, zinapitia kwenye usambazaji wa umeme ndani ya paneli, na hapo hakuna kebo ya nje itakayokusaidia.

Redio ya mlinzi nayo ni kipimo kizuri. Iweke kwenye masafa ya kati pasipo na stesheni, kisha tembea nayo taratibu juu ya njia ya kebo. Itakuonyesha kelele zinakopita, ingawa haitakupa kiasi chake.

Tafadhali, kabla ya kugusa terminali za inveta, zima umeme na usubiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake, kwani kapasita za ndani hubaki na chaji inayoweza kuua.

Fundi_Kisima

Nashukuru sana. Namba zinatulia mota ikisimama, na zinatulia pia ninapoweka kifaa cha miliampea mahali pa kebo ya sensa. Nimefungua paneli nikakuta kebo ya sensa ina ngao, yaani kifuniko cha nyuzi za shaba cha kuzuia kelele, lakini ngao hiyo imesokotwa kuwa mkia wa urefu wa kiganja, kisha ikafungwa kwenye terminali iliyo juu ya sahani ya chuma ya paneli yenye rangi. Upande wa sensa imekatwa tu na kuzungushiwa utepe. Kebo ya mota haina ngao kabisa.

Jibu la Mzee_wa_Paneli

Basi umeshaliona. Mkia ule ndio zile omu 6 nilizozitaja, tena ukiwa juu ya rangi huenda haujagusa chuma. Chubua ganda la nje la kebo, acha ngao ikiwa wazi sentimita 2 hivi bila kuikata, kisha ibane kwa kibano cha chuma kinachoizunguka pande zote, moja kwa moja juu ya sahani iliyokwanguliwa rangi. Upande wa sensa fanya vivyo hivyo kwa glendi (kibano cha kuingizia kebo) ya chuma. Wapo wanaosisitiza kwamba ngao ifungwe upande mmoja tu. Hilo lina maana kwa mvumo wa hezi 50 kwenye mitambo ya sauti, lakini kwa kelele za inveta ngao iliyofungwa upande mmoja hufanya nusu ya kazi au pungufu. Ukiogopa mkondo wa ethi kuzunguka ndani ya ngao, laza waya mnene wa shaba sambamba na kebo, uunganishe ncha zote mbili.

Kebo ya sensa ihamishwe iwe na bomba lake, walau sentimita 30 kutoka kebo ya mota, na pale zinapolazimika kupishana zikatane kwa pembe mraba. Kebo ya mota kutoka paneli hadi mdomo wa kisima iwe ya aina yenye ngao, ibanwe kwa namna hiyohiyo ncha zote mbili. Waya wake wa ethi utembee ndani ya kebo hiyo pamoja na fezi, usipitishwe njia nyingine.

Fundi_Kisima

Tumehamisha kebo ya sensa na kubana ngao ncha zote mbili, na namba sasa hazichezi kuzidi sehemu ya kumi ya baa. Kebo ya mota yenye ngao bado tunaisubiri. Hata hivyo, redio inakoroma vilevile, na zahanati inayotumia transfoma moja na sisi imeanza kulalamika. Je, nifunge filta ya kuchuja kelele? Nimeambiwa itaangusha swichi ya RCD, ile inayokata umeme mkondo unapovuja kwenda ardhini.

Jibu la Sauti_ya_Viwango

Malalamiko ya redio ndiyo yaliyozaa fani hii. Kamati ya kimataifa ya CISPR iliundwa mwaka 1934 kwa ajili ya kulinda matangazo, na hadi leo vipimo vya kelele zinazosafiri kwenye nyaya huanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30, yaani masafa ya kati yote yamo ndani yake. Kwa inveta, kiwango kinachohusika ni IEC 61800-3. Tazama kwenye kitabu cha inveta yako kama ni kundi la C2 au C3. Kundi la C3 limekusudiwa viwandani, halikukusudiwa kuunganishwa kwenye mtandao wa umeme unaolisha nyumba za watu. Kama yako ni C3, filta ya upande wa kuingilia inahitajika, na si anasa. Ifungwe chuma kwa chuma kwenye sahani ileile ya inveta, na nyaya zinazoingia kwenye filta zisilazwe pamoja na zinazotoka, kwa sababu kelele huruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili na filta inakuwa pambo.

Kuhusu RCD, uliyoambiwa yana msingi. Ndani ya filta kuna kapasita zinazopeleka mkondo kidogo kwenye ethi wakati wote, na RCD ya miliampea 30 inaweza kuanguka bila kosa lolote. Suluhisho si kuondoa waya wa ethi, jambo ambalo limeua watu. Mwili wa inveta ungebaki na umeme. Mkondo huo ukizidi miliampea 3.5, waya wa ethi uwe wa kudumu na uwe na unene wa milimita za mraba 10 za shaba, au ziwepo nyaya mbili za ethi. Iwapo RCD inahitajika, iwe ya aina ya B, kwa kuwa inveta ya fezi tatu inaweza kuvujisha mkondo wa DC ambao aina za kawaida hazioni.

Jibu la Mhandisi_Umwagiliaji

Nyongeza moja. Kebo inayoshuka kisimani haina ngao na haitakuwa nayo, kwa hiyo uliza bei ya filta ya sine ya upande wa mota. Hulainisha mikato kabla haijaingia kwenye kebo, na huiokoa pia insulesheni ya mota ambayo hupigwa na volti zinazorudi nyuma kwenye kebo ndefu. Ikiwa bajeti hairuhusu, shusha masafa ya ukataji ya inveta, kwa mfano kutoka kilohezi 8 hadi 4. Mota italia zaidi, lakini iko chini ya maji, na hakuna atakayeisikia. Ukiwa na filta ya sine, usishushe chini ya kiwango alichoandika mtengenezaji wa filta, maana itapata joto hadi iungue.