Walezi wa deikea na huduma ya kwanza: nimpeleke mmoja au wote?

MamaTabata
Habari za jioni wakuu. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Tabata, kuanzia wa miezi minane hadi miaka minne. Juzi mtoto alipaliwa na ubuyu aliokuja nao mfukoni. Mlezi aliyekuwa karibu akampiga mgongoni, kokwa ikatoka, mtoto akalia. Alhamdulillah. Ila nilipowauliza wengine wangefanya nini, mmoja alisema angemtia kidole kooni, na mpishi akasema angempa maji. Nimeogopa sana. Nataka wafundishwe kwelikweli, lakini mfuko ni mdogo. Nimpeleke msimamizi peke yake, kisha awafundishe wenzake?

Nesi_Mstaafu
Pole mwanangu, na huyo binti mpongeze mbele ya wenzake.

Usimpeleke mmoja. Msimamizi akiwa getini anaongea na mzazi habari za ada, mtoto yuko na mpishi, na hapo ndipo anapopaliwa. Bora umwite mkufunzi aje kituoni Jumamosi, awakute wote, mlinzi akiwemo. Msalaba Mwekundu wanatoa mafunzo haya, waulize. Sharti moja: aje na mwanasesere wa mazoezi, mkubwa na mchanga, na kila mtu ashike. Akija na maelezo matupu, mikono haitajua la kufanya siku ya siku. Nimewapokea wodini watoto walioletwa mbio kwenye bodaboda, wakati kilichohitajika kilikuwa kifanyike palepale walipokuwa.

Anayekohoa kwa nguvu na kulia, mwacheni akohoe, msimwondokee. Sauti ikikata na midomo ikianza kubadilika rangi, hapo ni kazi. Wa chini ya mwaka mmoja unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, taya umeishikilia, unampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega, mara tano. Haijatoka? Mgeuze chali, msukume katikati ya kifua mara tano, kisha rudi mgongoni. Aliyevuka mwaka, baada ya mgongo unakaa nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, si kwenye kitovu chenyewe, unavuta ndani na juu. Kidole kisiingie kama kitu hukioni, maana utakisukuma ndani zaidi. Akizimia, mlaze sakafuni, anza kukandamiza kifua mara 30 na kupuliza pumzi 2, mwingine akitafuta usafiri.

Mengine ya lazima: aliyeungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno hapana. Degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5, hospitali. Akinywa mafuta ya taa, msimtapishe wala msimpe maziwa.

Fundi_Umeme_DSM
Mama kasema yote ya mwili, mimi naongeza ya jengo. Dada, hilo geti mnafunga kwa kufuli mchana? Ufunguo anao nani akienda kula? Fanyeni zoezi la kutoka, tena saa ambayo watoto wamelala, maana asubuhi wote wako macho na kila kitu ni rahisi. Nani anambeba nani kati ya wachanga, muamue kabla. Daftari la mahudhurio litoke na mtu, watoto wahesabiwe nje. Mlinzi na mpishi wote wajue swichi kuu iko wapi na mtungi wa gesi unafungwaje. Ukutani andikeni 114 ya Zimamoto, na chini yake maelezo ya kufika kwenu: jina la mtaa, namba ya nyumba, duka la jirani. Mtu akiwa na hofu husahau hata mtaa anaoishi.

MamaTabata
Shikamoo mama, na asante kaka. Ufunguo anao mlinzi peke yake, kesho nachonga wa pili. Mama, nina mlezi mpya anaanza mwezi ujao, na mkufunzi atakuwa ameshaondoka. Nifanyeje?

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Yule binti aliyemwokoa mtoto ndiye amwoneshe, na mlezi mpya arudie mbele yako kwa mwanasesere, hata wa kushonwa kwa kitambaa. Mpaka umwone anafanya bila kukumbushwa, asibaki peke yake na wachanga. Kisha awahi mkufunzi akija tena. Na mkufunzi aje kila mwaka, maana mikono husahau. Asubuhi getini kagueni mifuko ya watoto: ubuyu, karanga, sarafu, na hasa zile betri ndogo za duara za vidude vya kuchezea. Mtoto akimeza betri hiyo, ni hospitali saa ileile, hata kama anacheka na kucheza.