Ushauri: nimetuma sauti kwenye grupu la wakulima, maharage ya watu yamekufa

Kijana wa Vwawa: Wakuu, salaam. Nina grupu la WhatsApp la wakulima wa kwetu Mbozi, watu 214. Nililifungua msimu uliopita kwa nia njema, maana afisa ugani ni mmoja kwa vijiji vitatu, na pikipiki walizogawiwa mwaka 2022 hazijiwekei mafuta. Natuma bei za mahindi, utabiri wa hali ya hewa wa TMA, picha za wadudu. Kwa wasiosoma narekodi sauti, wenye kitochi wanasikilizia kwa jirani. Wiki iliyopita nilituma sauti kuhusu dawa ya magugu. Sasa watu sita wanasema wameamka asubuhi maharage yamekauka yote. Mama mmoja mjane anadai laki mbili. Nafikiria kufunga grupu na kubadili laini. Mngekuwa nyie?

Mzee wa Busati: Sisi tulikuwa na redio. Jioni kipindi cha wakulima, baba kaanika betri juani mchana kutwa ili zifike mwisho wa kipindi. Hakuna aliyeidai redio fidia.

Jembe Kuukuu: Dawa gani? Mbona jina unalizunguka?

Kijana wa Vwawa: 2,4-D. Na nilisema wazi kwamba ni ya mahindi. Hata kibandiko kinasema mahindi. Sikumtuma mtu apige maharage.

Dada wa Uyole: Kaka, Mbozi nani analima mahindi matupu? Dawa hiyo inaua majani mapana, mahindi inayaacha kwa sababu ni jamii ya nyasi. Harage ni jani pana. Mimi nauza pembejeo, mteja hashiki chupa kabla sijamuuliza kachanganya nini shambani. Upepo tu ukivuma vibaya, nyanya za jirani zimekwenda. Humo kwenye grupu unajiitaje?

Kijana wa Vwawa: Bwana Shamba Mtandaoni. Utani tu, mimi nimesoma uhasibu. Na kabla hamjaanza: ndiyo, mwenye duka alikuwa ananipa elfu moja kila chupa. Bando halinunuliwi kwa asante.

Chuma Chakavu: Bwana Shamba wa kamisheni 😂😂

Mkwe wa Mbulu: Umenikumbusha 2017, viwavijeshi vamizi ndiyo wanaingia nchini. Mjomba alitumiwa ujumbe aweke majivu kwenye moyo wa kila mhindi. Eka mbili, kwa mkono, wiki nzima. Mdudu mwingine alikufa, mwingine naona alinenepa. Mpaka leo mjomba akitumiwa sauti anauliza kwanza, "Huyu naye ana shamba?"

Jembe Kuukuu: Hii hadithi ni ya kutunga. 2,4-D haikaushi harage usiku mmoja. Linaanza kujisokota, shina linapinda kama mkia wa nguruwe, kukauka ni baadaye. Mleta mada, uliyaona kwa macho yako?

Chuma Chakavu: Nilijua tu. Wasimamizi, fungeni uzi.

Mzee wa Busati: Na mjane kila hadithi lazima awepo.

Kijana wa Vwawa: Sijayaona. Niko Tegeta, nyumbani nilitoka 2019. Picha alizotuma huyo mama ninazo, na kweli yamejisokota. "Yamekauka" ndivyo alivyokuwa analia kwenye simu, nikaandika nilivyosikia. Lakini mtu kuwa Dar si kosa, taarifa ni taarifa.

Dada wa Uyole: Toka hapo upande gari. Mtafute afisa ugani muende naye shamba kwa shamba, umwombe radhi huyo mama mbele yake. Zile elfu moja moja zinunue mbegu, kama mvua bado ipo anaweza kurudishia. Na leo hii rekodi sauti nyingine uwaambie ambao hawajapiga, waache.

Kijana wa Vwawa: Hiyo sauti sawa. Kwenda, hapana, ni kujipeleka kwenye kipigo. Halafu laini mpya nimeshasajili jana.

Dada wa Uyole: Jana. Na uzi umefungua leo.

Mgeni wa Shamba: Samahani kuingilia. Bwana Shamba, kabla hujazima simu: mahindi yangu yako magotini, kuna kiwavi kwenye moyo, kichwani ana alama kama Y iliyopinduliwa. Nipige nini?

Kijana wa Vwawa: Huyo ni vamizi. Ukipiga, piga jioni, elekeza kwenye moyo wenyewe, wakiwa bado wadogo. Dawa yake nenda ka... ngoja kwanza. Humo shambani umechanganya na nini?