Forester turbo inamisi (inakatakata) nikipanda Bugando
Swali (Nyegezi): Wakuu, nina Forester ya 2003, injini EJ205. Tambarare inatembea vizuri, ila nikipanda kilima cha Bugando hapa Mwanza, turbo ikianza kusukuma inakatakata, taa ya injini inapepesa. Mashine ya kupima hitilafu imesoma kodi (namba ya hitilafu) P0303. Nilitaka pia kuiongeza presha ya turbo. Nianzie wapi?

Fundi, Igoma: Mkuu, taa ikipepesa toa mguu kwenye mafuta. Petroli isiyoungua inaua katalitiki (kisafisha moshi kwenye ekzosi). P0303 ni silinda ya tatu inamisi; hamishia koili yake (inayotoa umeme wa cheche) silinda ya kwanza, zote ziko upande wa dereva. Kodi ikigeuka P0301, koili imekufa. Isipogeuka, chomoa plagi: turbo inapojaza hewa cheche huruka kwa shida, kwa hiyo pengo la ncha ya plagi liwe dogo, kama milimita 0.7. Chungulia na shimo la plagi kama kuna oili. Sili (mipira ya kuzuia oili) zikivuja, koili haidumu.

Swali: Nimehamisha. Inasoma P0301!

Jibu (Kisesa): Hiyo koili tupa.

Fundi, Igoma: Na presha usiiguse kabla hujapima kompresheni (mbano wa hewa) silinda zote nne. Hewa ikizidi mafuta, pistoni inapasuka. Nakuomba sana, mkuu.