Naomba ushauri: nataka kuacha vidonge vya maumivu nikiwa nyumbani

Mtu wa Kikuyu
Mbukwenyi wakuu. Nimekwama, naombeni mawazo yenu. Mwaka 2023 nilianguka kutoka kwenye ngazi nikiwa nabandika vigae kule Mtumba, hapa Dodoma, mgongo ukaumia vibaya. Nikapewa vidonge vya maumivu. Mgongo ulishapona, vidonge ndiyo sijaviacha. Nikichelewa kumeza naanza kupiga miayo mfululizo, kamasi zinachuruzika kama nina mafua, vinyweleo vinasimama wakati jua la saa saba linawaka, tumbo linaharisha. Usiku miguu haitulii kabisa, naipiga ukutani mpaka mtoto anaamka.

Nina nafasi ya siku kumi kuanzia Jumamosi. Swali langu ni moja tu: niwe na chakula gani na dawa gani za kawaida ndani ili nivuke hizo siku? Naomba tusitukanane.

Chuma cha Reli
Vidonge gani mkuu? Panadol haina arosto, mwili haukusumbui ukiikosa.

Mama Tulizo
Pole sana mwanangu. Uji wa uwele asubuhi na jioni, maji ya ubuyu, na mlenda kwa sababu unateleza, hata koo likigoma utashuka. Marehemu mume wangu alipoacha sigara nilimpikia hivyo mwezi mzima. Alikuwa mkali huyo baba! Alinirushia sufuria, kesho yake akanililia kama mtoto. Lakini aliacha, na aliishi miaka kumi na moja zaidi. Usikate tamaa.

Mgogo Halisi
Sisi tulivunjika miguu tukichunga ng'ombe, tukafungwa vijiti, tukapona. Vijana wa leo mkiumwa kidogo mnakimbilia duka la dawa. Rudi kwa Mungu, fanya kazi za jasho, hiyo hali itaondoka yenyewe.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mleta mada, mimi ni nesi, siyo daktari, na kabla ya uji nahitaji kujua vitu vitatu. Dawa inaitwaje? Unameza ngapi kwa siku? Umewahi kujaribu kuacha, na ilikuwaje?

Mtu wa Kikuyu
Asante dada. Ni tramadol. Ngapi, inategemea na siku. Niliwahi kujaribu mara moja nikashindwa, mambo ya kawaida tu.

Mpango wangu uko hivi: baba yangu mdogo ana shamba la zabibu Hombolo, lina kibanda. Nitakaa pale peke yangu, simu nazima. Mke nimeshamwambia naenda kupogoa mizabibu. Kwa hiyo mpango upo, kinachonisumbua ni vitu vya kubeba tu.

Kijana wa Chang'ombe
Tafuta valium mkuu. Unameza, unalala siku tatu, ukiamka arosto imeshapita. Jamaa yangu alifanya hivyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Kijana wa Chang'ombe, tafadhali usimpe mtu ushauri huo. Valium ukichanganya na tramadol, pumzi inapungua mtu akiwa usingizini, na kwenye kibanda cha shambani hakuna wa kumwamsha. Pombe ni hivyo hivyo. Kama kuna dawa ya usingizi ya kumpa, ataipanga daktari anayemwona kwa macho.

Mleta mada, "inategemea na siku" siyo jibu. Jana ulimeza ngapi?

Chuma cha Reli
Na "mambo ya kawaida" ni mambo gani?

Mtu wa Kikuyu
Mbona mnanihoji kama niko kituoni? Nimeuliza chakula.

Dada wa Makorora
Kaka usikasirike, wanaouliza wanakupenda. Mimi ni wa Tanga, kaka yangu alikuwa teja wa unga. Tulimfungia chumbani mara mbili. Mara ya pili alitoka safi, siku kumi na mbili hajagusa, tukachinja mbuzi. Wiki hiyo hiyo akarudi kijiweni akachoma kiasi kile kile alichozoea zamani. Mwili ulikuwa umeshasahau. Tulimkuta midomo ya bluu. Mungu alimrudisha, sijui hata ilikuwaje. Baadaye ndiyo tukasikia Muhimbili wameanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa ya kumsaidia mtu kuacha unga, mwaka 2011, akahamia Dar kwa shangazi kwa ajili hiyo tu. Kila siku alfajiri alikuwa anakwenda kunywa dozi mbele ya mhudumu, mvua inyeshe isinyeshe. Leo ana watoto wawili na anauza samaki. Nimeandika sana, samahani, lakini kila nikisikia mtu anataka kujifungia peke yake naiona ile midomo.

Mtu wa Kikuyu
Sawa. Kumi na mbili. Zile kapsuli za miligramu 50.

Mwezi wa tatu niliacha zote kwa siku moja. Siku ya pili jioni nilikuwa bombani nakinga maji. Kitu kilichofuata ninachokumbuka ni binti yangu wa miaka sita, ameshika kandambili yangu moja, analia. Mimi nina mchanga mdomoni na ulimi umekatika pembeni. Jirani alisema nilitetemeka mwili mzima. Mke nilimwambia ni njaa na jua. Usiku ule ule nikameza nne.

Siku hizi vigae nimeacha, naendesha bodaboda. Lakini Hombolo itakuwa tofauti kwa sababu nitakuwa nimelala, sitasimama bombani. Hata nikianguka, naanguka kwenye mkeka.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Ndugu yangu, hicho ndicho ulipaswa kuanza nacho. Ile ilikuwa degedege. Kiwango cha juu kabisa cha tramadol kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, wewe uko 600. Dawa hii ikizidi inaleta degedege yenyewe, na ukiikata ghafla vilevile inaweza kuleta. Na haifanani sawasawa na dawa nyingine za jamii yake, kama morfini, inagusa kemikali nyingine za ubongo pia, ndiyo maana wengine wakiacha wanapata hofu kali au wanasikia kama shoti za umeme kichwani. Mkeka hauzuii mtu kupaliwa na matapishi.

Usiache zote Jumamosi. Usiongeze hata moja pia. Nenda ukaonwe, useme idadi ya kweli na useme ulianguka. Utapangiwa kupunguza kidogo kidogo, kwa wiki, siyo kwa siku. Ukiharisha kunywa maji ya ORS, uji wa Mama Tulizo ni mzuri sana, miguu ikisumbua oga maji ya moto. Siku mbaya kwa kawaida ni ya pili hadi ya nne baada ya dozi ya mwisho, wiki ikiisha mwili unalegea, usingizi ndiyo unachelewa kurudi. Na hiyo pikipiki ipaki. Umeshaanguka mara moja, na nyuma yako kuna abiria.

Kwa Dodoma una bahati, hospitali ya afya ya akili ya Mirembe ipo, na kituo cha Itega cha waraibu kiko chini yao, wanahudumia watu wenye shida kama yako kila siku. Ukitaka kuongea kwanza bila kuonekana, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119.

Mtu wa Kikuyu
Mirembe siendi. Nimezaliwa mji huu. Tangu shule mtu akikutania anakwambia utapelekwa Mirembe. Nikionekana pale getini, kijiwe kizima kitajua kabla ya saa sita, na hakuna mzazi atakayenipa mtoto nimpeleke shule.

Mgogo Halisi
Kumbe unabeba watoto wa shule! Na kumi na mbili tumboni! Mwanangu, ya vijiti niliyosema nayafuta. Nina wajukuu wanapanda hizo bodaboda.

Mpita Njia 88
Wakuu mnapotezewa muda, hii ni chai. Mtu mwenye arosto hawezi kuandika aya zilizonyooka hivi. Mke hajui kitu tangu 2023? Kandambili moja, mtoto analia, hiyo ni tamthilia. Kesho utasikia anaomba mchango wa matibabu.

Kijana wa Chang'ombe
Hata mimi nilishtuka pale kwenye mkeka. Chai ya moto hii.

Chuma cha Reli
Mchango hajaomba. Tumsubiri.

Mpita Njia 88
Basi aseme anazificha wapi nyumba ya vyumba viwili mke asizione.

Mtu wa Kikuyu
Naandika vizuri kwa sababu sijaacha, leo nimeshameza tisa. Zinakaa kwenye helmeti ya abiria. Sponji ya ndani nimeibandua upande wa sikio la kushoto, karatasi inaingia pale bila kuonekana. Mke wangu helmeti ile haivai, anasema inanuka. Abiria wanaivaa kila siku. Sihitaji senti ya mtu.

Dada wa Makorora
Mpita Njia, kaka yangu alikuwa anaficha kwenye pindo la pazia la mama. Mama alilifua lile pazia kila mwezi asione kitu. Miaka miwili ni midogo.

Mama Tulizo
Mwanangu, mke wako aliyekukuta na ulimi umekatika akaambiwa ni njaa, anajua kuna kitu. Anasubiri umwambie. Mimi nilisubiri hivyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Kikuyu, kama geti ndilo linakutisha, anza na daktari wa hospitali yoyote unayotibiwa, mwambie yale uliyoandika hapa, akuandikie rufaa. Mgonjwa mwenye karatasi ya rufaa mkononi haulizwi na kijiwe. Lakini usiende Hombolo. Na mtu mmoja wa nyumbani ajue, akuone ukilala na ukiamka. Ukianguka tena akulaze ubavu, asikuwekee kijiko mdomoni, akukimbize hospitali.

Mpita Njia 88
Kama ni kweli basi pole. Nimeona mengi humu.

Mtu wa Kikuyu
Nimesoma zote. Jumatatu asubuhi nitaenda kwa daktari aliyenitibu mgongo. Hombolo nimempigia baba mdogo nikamwambia siendi, akauliza mizabibu atapogoa nani.

Pikipiki nimeiingiza ndani. Zimebaki kumi na nne, nimezitoa kwenye helmeti nikaziweka mezani, nikamwambia mke azishike yeye, awe ananipa. Ameuliza ni za nini. Nimeshindwa kumjibu. Sasa hivi anatafuta miwani asome karatasi.