"Mjomba, hili shirika ni la nini?" Kiswahili cha vitabu vya hesabu na sayansi tunakijua kweli?

Wadau, salaam. Kila ukiibuka mjadala wa lugha ya kufundishia hapa Tanzania tunagawanyika palepale: wa Kiswahili huku, wa Kiingereza kule. Leo naleta la pembeni kidogo.

Mpwa wangu yuko darasa la tano, Kiswahili tupu nyumbani na shuleni. Juzi kaja na daftari dukani kwangu: "Mjomba, hili shirika ni la nini?" Ameambiwa atafute Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, ya 4 na 6, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili bila baki. Shirika analolijua yeye ni la umeme. Mbele kidogo kuna Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani namba kubwa kabisa inayozigawa zote mbili bila baki. Kigawe, kigawo: irabu moja tu ya mwisho, na jibu linatoka 12 linakuwa 2! Hakuna aliyemweleza kwamba shirika hapa ni ile hali ya namba mbili kushirikiana kitu.

Nikafunga daftari. Daladala moja inatoka kila dakika 4, nyingine kila dakika 6, zimeondoka pamoja saa mbili kamili. Zitaondoka tena pamoja saa ngapi? "Saa mbili na dakika kumi na mbili." Hata sijamaliza kumfungia mteja mchele. Hesabu anayo, alichokosa ni neno.

Na huo mchele naupima kwa mizani, nasema uzito wake kilo mbili. Kitabu cha sayansi kinasema kilo ni za tungamo (kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu), uzito (nguvu inayokivuta kitu chini) ni nyutoni. Sawa, ndiyo fizikia. Lakini mtoto aambiwe waziwazi: dukani kwa mjomba neno lina maana ile, humu lina hii.

Kwa hiyo wanaosema "wekeni Kiswahili, wataelewa wenyewe" siwaungi mkono moja kwa moja. Wa upande wa pili ndio kabisa. Mnaodai hatuna istilahi, itafuteni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ya mwaka 1990. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili ngazi zote. Toleo la 2023 likaiacha sekondari kwenye Kiingereza. Yaani huyu binti akishazitofautisha kigawe na kigawo, kidato cha kwanza anaambiwa aziweke kando aanze upya, kwa lugha ambayo hana hata daladala ya kumsaidia.

Msimamo wangu: Kiswahili kifike kidato cha nne, na kila sura ianze na maneno yake, yafundishwe kama maneno mapya, maana ni mapya.

Walimu wa hesabu mliomo humu, kipindi kimoja kinawatosha kufundisha neno na hesabu yake? Na wenye watoto shule za Kiingereza, hebu waulizeni leo jioni KDS ya kwao (LCM) maana yake nini, si namna ya kuitafuta. Mrudi na majibu.