Skripti ya bekapu inatoa faili tupu na diski inakaribia kufa, naombeni ushauri

Mgebuka_Mkavu (mleta uzi)
Wakuu, habarini za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Kuna seva ya zahanati moja ya binafsi ambayo naisimamia. Ni kompyuta ya mezani tu yenye Ubuntu, imekaa chini ya kaunta ya mapokezi pamoja na UPS yake. Miaka mitatu iliyopita niliiandikia skripti ya bash, yaani faili la amri zinazojiendesha. Kila usiku saa 8 cron (kipanga ratiba cha mfumo) inaiamsha, inachota databesi ya wagonjwa, inaibana, inaiweka kwenye diski ya nje, halafu inafuta bekapu za zamani ili diski isijae. Haijawahi kunisumbua.

Juzi nimefungua folda nikakuta faili nane, zote zina ukubwa mmoja: baiti 20. Zile nzuri zimeshafutwa na skripti yangu mwenyewe. Na logi zinaonyesha diski kuu imeanza kusoma kwa shida. Ikigoma leo, kadi za wagonjwa, madeni, madai ya bima, vyote vimekwenda. Huu usiku wa tatu silali. Naomba kujua nairekebishaje bila kuisimamisha seva. Mistari yenyewe:

mysqldump -u bekapu -p'****' zahanati | gzip > /mnt/bekapu/$(date +%F).sql.gz
find /mnt/bekapu -name '*.sql.gz' -mtime +7 -delete

Asali_ya_Isevya
Pole sana mkuu. Umenikumbusha mbali. Nilikuwa Urambo, kwenye chama kimoja cha wakulima wa tumbaku. Nataka kuhariri ratiba ya cron, nikaandika crontab -r badala ya crontab -e. Hizo herufi zimekaa jirani kwenye kibodi, na -r haikuulizi kitu, inafagia ratiba yote. Msimu wa masoko, watu wamejipanga na marobota yao, mimi nimeshika kichwa nakumbuka kazi kumi na nne kila moja ilikuwa saa ngapi. Tangu hapo kila nikihariri namalizia na crontab -l > ratiba.txt. Nunua diski mpya kwanza, mengine yatafuata.

Kibirizi_Kwetu
Kaunta ya mapokezi, UPS, cron. Si mngeandika kwenye daftari tu kama zamani? Daftari halijui baiti.

Dada_Terminali
Mkuu, hizo baiti 20 zinasema kitu. Ukiipa gzip, ile inayobana faili, hewa, inafunga hewa hiyo kwenye bahasha yake, na bahasha tupu ina baiti 20 kamili. Maana yake mysqldump, ile inayochota databesi, haikutoa hata herufi moja. Skripti haikushtuka kwa sababu amri zikiungwa kwa bomba (ile alama |), bash inasikiliza jibu la amri ya mwisho tu. gzip ilifanikiwa kubana hewa, ikasema sawa. Dawa ya hapo ni set -eo pipefail juu ya skripti, ili amri yoyote ya bomba ikishindwa, skripti isimame.

Na usidhani kupima kama faili lina kitu kutakusaidia: [ -s faili ] itapita, baiti 20 ni kitu. gzip -t nayo itapita, bahasha ni nzima. Kinachosema ukweli ni mstari wa mwisho wa ndani. mysqldump ikimaliza salama huandika "-- Dump completed on" na tarehe. Fanya zcat faili | tail -1, inafungua faili na kuonyesha mstari wa mwisho tu. Usipouona huo mstari, usifute chochote cha zamani. Find yako inafuta bila kuuliza kama cha leo kimefika, na hapo ndipo ulipoumia.

Lakini kabla hatujaendelea. Miaka mitatu mysqldump inafanya kazi, halafu ghafla inanyamaza. Ujumbe wa kosa unasemaje?

Mgebuka_Mkavu
Asante sana dada, pipefail sikuwa naijua. Ujumbe nilikuwa nautupa /dev/null, yaani jalalani. Nimeiendesha kwa mkono, inasema Access denied kwa yule mtumiaji bekapu. Hilo nimeshalishughulikia. Nisaidie kwenye mpangilio wa kufuta.

Dada_Terminali
Access denied kwa skripti iliyokuwa inafanya kazi, mara nyingi ina maana nywila ya databesi imebadilishwa. Nani kaibadilisha, na wewe msimamizi ukawa hujui?

Mgebuka_Mkavu
Kuna kijana mwingine pale. Mawasiliano si mazuri. Naomba tubaki kwenye skripti wakuu.

Mzee_wa_Reli
Kijana, sisi hatuko hapo Mwanga, tunaona kile unachotuonyesha tu. Ukimficha mganga ugonjwa, atakupa dawa ya malaria wakati una kichocho. Wewe bado ni mfanyakazi wa hapo?

Mgebuka_Mkavu
Sawa. Niliondoka mwisho wa Februari. Mishahara ya miezi miwili sikulipwa, tukatupiana maneno na mwenye zahanati, nikaambiwa nisirudi. Walibadilisha nywila zote siku hiyohiyo. Ila mimi huwa naingia nikiwa mbali kwa ufunguo wa ssh (faili la siri), sio kwa nywila, kwa hiyo njia yangu ilibaki.

Sijaiba kitu. Naingia kuangalia kama mfumo uko salama, basi. Ningekuwa na nia mbaya nisingekosa usingizi. Yule kijana mpya hajui hata kama kuna bekapu. Leo saa 10 nimeisoma nywila mpya kwenye faili la mipangilio la programu yao, nimeiweka kwenye skripti, saa 8 usiku itajaribu. Nimewatengenezea wao, sio mimi. Na swali dogo: nikitoka, jina langu linabaki kwenye last (orodha ya walioingia)?

Kibirizi_Kwetu
Haya sasa chai imechemka. Mwanzo "naisimamia", sasa umefukuzwa Februari. Na mimi fundi wa simu nikuulize: intaneti ya laini za simu kwa kawaida haikupi IP (anwani ya mtandaoni) ya umma, unakaa kwenye IP moja na watu kibao. Wewe uko nyumbani, unaipataje kompyuta iliyo chini ya kaunta? Uzi wa kutunga huu, watu mnajichosha.

Asali_ya_Isevya
Hoja ya Kibirizi ina uzito. Ila mimi naogopa kwamba si chai. Mtu anayeuliza kama jina lake linabaki kwenye last hatafuti bekapu, anatafuta namna ya kufuta nyayo.

Mgebuka_Mkavu
Sijatunga. IP sihitaji, kwa sababu seva yenyewe ndiyo inayonifuata. Niliweka autossh tangu mwanzo, inafungua ssh -R, yaani handaki la kutoka ndani, kwenda seva ndogo ninayoikodi kwa pesa yangu. Mimi naingilia upande huo. Mstari mmoja wa folda huu hapa, nimeunakili kama ulivyo:

-rw-r--r-- 1 root root 20 May 12 02:00 2025-05-12.sql.gz

Na kwa ambao hamwamini kuna seva: juu ya kava lake kuna karatasi niliyobandika, USIZIME. Wino ulipofifia, dada wa mapokezi akairudia kwa kalamu nyekundu, akaongeza chini yake "hata ukipiga deki". Karatasi hiyo ndiyo imeiokoa hiyo mashine mara nyingi kuliko UPS. Sitasema zahanati ni ipi.

Mama_Mawese
Mimi sielewi mambo ya bomba na bahasha. Mwanangu ana selimundu. Kwenye zahanati tunayokwenda, kila kitu chake kiko kwenye kompyuta: damu aliyoongezewa lini, dawa ipi ilimvimbisha uso. Nikifika usiku wa manane nalia, sina akili ya kukumbuka. Kama kijana huyu anaweza kuziokoa hizo kadi, mwacheni aziokoe, mahakama mtaijadili kesho.

Dada_Terminali
Mama Mawese, nakuelewa sana, na hicho ndicho kinachonifanya niwe mkali. Handaki lile halipitishi yeye peke yake. Hiyo seva ndogo anayoikodi ikidukuliwa na ufunguo wake ukipatikana, aliyeidukua anatembea moja kwa moja mpaka kwenye faili la mwanao, akiwa root (mwenye mamlaka yote), na pale zahanati hakuna anayejua kwamba mlango upo. Walibadilisha nywila wakaamini wamefunga. Ufunguo wa ssh haupiti kwenye nywila, unakaa kwenye authorized_keys (orodha ya funguo zinazokubaliwa) mpaka mtu auondoe.

Mleta uzi, nywila uliyoichota leo hukupewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inazungumzia kuingia kwenye mfumo bila idhini. Haisemi lazima uwe umeiba. Na taarifa za afya zinalindwa zaidi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mishahara yako dai kwa njia yake, ni haki yako kabisa. Na nyayo kwenye last na auth.log (logi ya kuingia) usiziguse. Ndizo zitakazoonyesha uliingia lini na ukatoka lini.

Kwa upande wa bekapu usijione umelaaniwa. Januari 2017, GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kuhifadhi msimbo wa programu za watu, mhandisi wao alifuta folda ya databesi kwenye seva isiyo sahihi. Wakakimbilia bekapu, wakakuta hazijatoka, kwa sababu pg_dump (chombo chao cha kuchota databesi) iliyokuwa inatumika haikuwa toleo la databesi yao, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliponea nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla. Wewe databesi yako bado inapumua. Mtu mwenye ruhusa achukue nakala kwa mkono, aipeleke kwenye diski mpya, kisha airudishe kwenye databesi ya majaribio, ahesabu wagonjwa.

Mgebuka_Mkavu
Nani mwenye ruhusa? Yule kijana nikimwambia zcat atadhani namtukana. Mwenye zahanati hapokei simu yangu tangu Machi. Nikiwaambia, kitu cha kwanza watakachouliza ni nimejuaje.

Mzee_wa_Reli
Watauliza, na utajibu. Nimekaa nyumba za kupanga miaka ishirini, Tabora na hapo Kigoma. Ukihama unarudisha ufunguo hata kama mwenye nyumba anakudai au unamdai. Ukirudi usiku kumzimia jiko lililosahaulika, umemwokolea nyumba, na bado umeingia usiku nyumbani kwa mtu. Mpigie mganga mfawidhi, siyo mwenye mali. Yeye ndiye mwenye wagonjwa.

Mgebuka_Mkavu
Nimempigia mganga mfawidhi, amepokea. Nimemweleza diski na bekapu. Ameuliza hilohilo, "umejuaje?" Nimemwambia yote, na lile handaki. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kesho saa 2 asubuhi niende, atakuwepo na yule kijana, diski mpya atanunua yeye, na mpaka hapo nisiguse kitu.

Dada_Terminali
Umefanya vizuri sana. Kesho mbele yao zima autossh, futa mstari wako kwenye authorized_keys, mwonyeshe kijana pipefail na ile tail, na nywila ihamie kwenye .my.cnf (faili la mipangilio) yenye chmod 600, ili mwenyewe tu aisome. Mstari wa cron wa leo umeutoa?

Mgebuka_Mkavu
Nimeuacha. Itoke bekapu moja tu kwanza. Diski ikifa kabla ya saa 2, hicho kikao cha kesho tutakaa kujadili nini?

Asali_ya_Isevya
Kaambiwa asiguse, kaacha. Kutoutoa nako ni kutogusa, sijui niseme nini. Mimi nasubiri saa 8.

Mama_Mawese
Na mimi niko macho.

Asali_ya_Isevya
Saa 8 na robo. Kuna lolote?

Mgebuka_Mkavu
Imetoka. MB 212. Nimefanya zcat na tail, mstari wa mwisho upo: -- Dump completed on.

Mzee_wa_Reli
Umeuonaje, mwanangu?