Programu ya kusaidia wazazi ambao watoto wao hawalali: wanaingia kidogo halafu wanapotea

fundi_kodi: Wakuu habari za humu. Tunatengeneza programu ya mtandaoni kwa wazazi wenye watoto wanaosumbua kulala, tumeweka masomo marefu, video na shajara ya usingizi, ila wazazi wa majaribio wanaingia mara mbili tatu halafu kimya. Tuongeze masomo au?

mama_pacha: Msiongeze jamani, punguzeni! Saa tisa usiku mtoto yuko begani analia, mkono mmoja ndo uko huru, nafungua simu skrini inaniwakia nyeupe pee na video inaanza kuongea yenyewe, hata pacha mwenzake aliyekuwa ameshaanza kusinzia anaamka. Usiku niambieni kitu kimoja tu cha kufanya, maandishi makubwa, skrini nyeusi, sauti hamna. Masomo ntasoma mchana. Na shajara isinidai dakika, nani anaangalia saa muda huo? Niulizeni asubuhi, kaamka mara moja, mara kadhaa au usiku kucha, nabonyeza basi.

nesi_watoto: Kabla ya ushauri wowote iulize umri. Miezi 4 hadi 12 mtoto anahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, miaka 3 hadi 5 ni saa 10 hadi 13, sasa mzazi anamlaza wa miaka 4 saa kumi na mbili jioni na mchana kalala saa mbili nzima, afu anashangaa mbona saa kumi alfajiri macho makavu. Huyo keshamaliza usingizi wake. Ila anayekoroma karibu kila usiku au pumzi zinakatika akilala, huyo msimpe masomo kabisa, inaweza kuwa nyama za puani au mafindofindo yanaziba hewa, mwambieni mzazi waziwazi aende kwa daktari.

fundi_kodi: Asante nesi. Na hawa wanaoacha katikati?

baba_k: Wanaacha kwa sababu hali inachafuka kwanza ndo itulie. Mtoto kazoea kubembelezwa mpaka alale, ukianza kumzoesha kulala mwenyewe siku za mwanzo anaweza kulia kuliko hata zamani, mzazi anaona programu ya uongo anafuta. Mwambieni mapema, na ujumbe umfikie jioni ileile anayoanza, sio kwenye somo alilosoma juzi. Halafu wekeni linki ya kumtumia bibi au yeyote anayeshika zamu, bila kujisajili, maana mmoja anafuata utaratibu mwenzake anambeba kumzungusha sebuleni, kazi inaanza upya.

mama_pacha: Na ile chati inayogeuka nyekundu usiku ukiwa mbaya mtoe, inanikera.

fundi_kodi: Chati naitoa leo leo. Nesi, orodha ya dalili za kwenda kwa daktari naomba uipitie kabla hatujaiweka.